Vyombo vilikuwa vya nani? Kisa cha mpiga besi mmoja wa Ngamiani

Katika ukoo wetu, jina la Mjomba likitajwa kwenye kikao cha harusi au cha arobaini, hutajwa pamoja na sifa moja ambayo haijabadilika tangu nikiwa mtoto, nayo ni kwamba ni mtu asiyetulia. Kwa miaka 42 alipiga gitaa la besi katika bendi 7, tano za muziki wa dansi na mbili za taarab, zote zikiwa na makao yake hapa Tanga mjini. Na kila alipotoka bendi moja kwenda nyingine, wazee walisema kwamba angalibaki pale alipokuwa, leo angalikuwa mtu. Mimi mwenyewe niliyaamini maneno hayo hadi nilipokaa naye jioni kadhaa nyumbani kwake Ngamiani, tukaziandika bendi zake zote kwenye daftari, na katika kila moja nikamwuliza swali ambalo mwanzoni nililiona dogo: vyombo vilikuwa vya nani?

Majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike uchambuzi huu. Mjomba alihama mara 6, na katika mara 5 kati ya hizo gitaa alilokuwa akilipiga lilikuwa limekwisha kuondoka, kufungiwa, kuuzwa au kukosa kazi kabla yeye hajaondoka. Mara moja tu alihama kwa hiari yake, na mara hiyo, kwa maoni yangu, alikosea. Nitaieleza pahali pake. Bendi zake sitazitaja kwa majina kwa sababu baadhi ya wenye vyombo bado wako hai na wengine tunaswali nao msikiti mmoja, lakini bendi ambazo kila mtu anazijua nitazitaja, kwa kuwa bila hizo kisa hiki hakina ardhi ya kusimamia.

Ardhi hiyo ni ya mkonge. Zao lenyewe lililetwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, mwaka uleule ulipoanza ujenzi wa reli ya kutoka bandarini kwenda bara, na kwa zaidi ya nusu karne mashamba yake yalivuta wafanyakazi kutoka pembe zote za Tanganyika na nje yake. Watu hao walikuja na ngoma zao, na baadaye wakaja na magitaa. Jamhuri Jazz, bendi ambayo jina lake bado linawafanya wazee wa hapa wanyooshe migongo, ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linatosha kueleza ni nani walioianzisha na walitoka wapi. Mpinzani wake mjini, Atomic Jazz, alikuwa na wapenzi wake walioweza kuacha kusalimiana na wapenzi wa upande wa pili wiki nzima kwa sababu ya dansi la Jumamosi moja. Mjomba alizaliwa na kukulia ndani ya mabishano hayo, katika mitaa ya Ngamiani ambayo mgeni huidhania kuwa haina majina kwa kuwa tunaihesabu tu, barabara ya 1, ya 2, ya 3, hadi zinapoisha.

Alianza kwa gitaa kavu la jirani, akijifunza kwa kutazama vidole, na alipofika umri wa miaka 19, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikwenda kujaribiwa katika bendi ya kwanza. Alitaka solo. Kila kijana alitaka solo, kwa kuwa mpiga solo ndiye aliyesogea mbele ya jukwaa na ndiye aliyeandikiwa barua na wasichana wa Chumbageni. Akakuta solo lina mwenyewe, gitaa la ridhimu lina mwenyewe, na gitaa pekee lililokuwa limelazwa juu ya kiti bila mtu lilikuwa besi, kwa sababu aliyekuwa akilipiga alikuwa amepata kazi Dar es Salaam. Katika muda wa dakika chache maisha yake yote yakaamuliwa na chombo kilichokosa mtu. Nilipomwuliza kama aliwahi kujuta, alinijibu kwa utaratibu wetu wa kuitana mjomba kwa mjomba: "Mjomba, solo ni sauti ya bendi, lakini besi ndiyo miguu ya wachezaji. Solo akikosea watu hucheka. Besi akikosea watu husimama."

Bendi hiyo ya kwanza ilikuwa klabu, kama zilivyokuwa bendi nyingi za wakati ule. Wanachama walilipa ada, walichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vyombo vilinunuliwa kwa fedha ya klabu pamoja na mkopo wa duka moja la mjini. Mpiga muziki hakuwa na mshahara. Alipata mgao baada ya kiingilio kuhesabiwa na deni la vyombo kukatwa. Kwa nadharia, vyombo vilikuwa vya wote. Nadharia hiyo ilifanya kazi vizuri kabisa mashamba yalipokuwa yakilipa, kwa sababu dansi kubwa za Tanga hazikutegemea mji peke yake. Mwisho wa mwezi bendi ilipakia vyombo kwenye lori ikaelekea Muheza, Pongwe au Korogwe, ikawapigia wafanyakazi wa mkonge waliokuwa na fedha mkononi usiku uleule walioipokea, na dansi moja la namna hiyo liliweza kulipa sehemu kubwa ya deni la mwezi.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia. Baada ya hapo bei ilianguka, kwa kuwa kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zilianza kuchukua nafasi ya katani kwenye masoko ya ng'ambo. Mashamba yakapunguza watu, na sehemu kubwa ya mashamba hayo yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wanaosimulia historia ya muziki wetu huipita haraka sura hii, kana kwamba dansi lilikuwa likiishi angani. Klabu ya Mjomba ilishindwa kulipa miezi minne mfululizo, mwenye duka akaja na gari, na vyombo vikaondoka mchana kweupe huku wanachama wakisaidia kuvipakia. Mjomba anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyelifunga gitaa la besi kwenye kanga ili lisikwaruzwe njiani. Hiyo ndiyo hama yake ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyompa jina la mtu asiyetulia.

Klabu ya pili ilikuwa na vyombo vilivyokwisha kulipiwa, lakini vilikuwa vikuukuu. Waya wa besi ulipochoka ulichemshwa kwenye sufuria ili utoe sauti tena, na ulipokatika kabisa ulifungwa waya wa breki ya baiskeli. Ni katika klabu hiyo ndipo alipopata nafasi ambayo watu wa nyumbani bado wanaitaja kwa masikitiko. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wameingia Jamhuri Jazz mwaka 1966, walikwenda Arusha mwaka 1970 na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako waliunda Simba Wanyika. Wenzao waliojitenga nao mwaka 1978 wakaanzisha Les Wanyika. Njia waliyoipita ilikuwa inajulikana na kila mwanamuziki wa pwani hii. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Kenya vilikuwapo, pamoja na studio, maduka ya vyombo na baa zilizolipa bendi kila usiku. Kutoka Tanga, Mombasa ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na nauli yake ilikuwa rahisi zaidi. Rafiki yake mpiga ridhimu alimwambia wafuatane. Akafunga begi, akalifungua.

Sababu anayoitoa ni kwamba mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa mgonjwa. Sababu ninayoiona mimi katika daftari ni nyepesi zaidi: mpiga ridhimu alikuwa na gitaa lake mwenyewe, alilonunuliwa na kaka yake baharia, na Mjomba hakuwa na chochote cha kubeba isipokuwa vidole. Mtu anayekwenda mji wa watu akiwa na chombo chake huingia bendi kwa siku mbili. Anayekwenda mikono mitupu husubiri mwingine augue. Alidhani angeweza kwenda mwaka mwingine, na mwingine, hadi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, mpaka na Kenya ulipofungwa. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote Horohoro, kituo chetu cha mpakani, ilikuwa mwisho wa dunia, na mwanamuziki wa Tanga aliyezoea kuitazama Mombasa kama chumba cha pili cha nyumba yake alilazimika kugeuka na kuitazama Dar es Salaam, mji ambao ulikuwa na bendi zake na wenyewe.

Wakati mpaka unafungwa, yeye alikwisha kuingia bendi ya tatu, iliyokuwa ya shirika moja la umma. Mfumo huu vijana wa leo hawauamini ukiwaeleza. Tangu chama cha wafanyakazi kilipounda NUTA Jazz mwaka 1964, jeshi, polisi na mashirika mengi yalianzisha bendi zao, yakanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara wa mwezi. Mjomba aliandikwa kama msaidizi wa stoo. Asubuhi alihesabu magunia, alasiri alikwenda mazoezini, na mwisho wa juma alipiga dansi, likiwamo lile la mchana wa Jumapili tulilokuwa tukiliita buguzi, ambalo hata watoto tuliruhusiwa kusimama dirishani. Gitaa lilikuwa jipya, na amplifaya yake ilikuwa nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Katika miaka hiyo ndiyo aliyooa, na ndiyo aliyojenga vyumba viwili vya mbele.

Ni katika bendi hiyo pia aliporekodi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Walisafiri kwa basi hadi Redio Tanzania Dar es Salaam, maneno ya nyimbo yakiwa yamekwisha kupelekwa mbele ili yakaguliwe, na wakapiga wote kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kurekodi chombo kimoja kimoja na kukiunganisha baadaye. Mmoja akikosea, wote walirudia. Walirudia wimbo mmoja mara 5, na anaapa kwamba si yeye aliyekosea. Malipo yalikwenda kwa shirika, mkanda ukabaki redioni, na kwenye boksi la mkanda liliandikwa jina la bendi na la mtunzi. Nitalirudia boksi hilo.

Katikati ya miaka ya 1980 shirika lilikuwa hoi, kama yalivyokuwa mashirika mengi, na meneja mpya aliyeletwa hakuona ni kwa nini stoo yake ina wasaidizi wanaojua kupiga gitaa na hawajui kuhesabu magunia. Katika hilo, nakiri, meneja alikuwa na hoja. Bendi ilivunjwa kwa barua ya mistari mitatu na vyombo vikafungiwa katika chumba cha nyuma. Wanamuziki waliomba wauziwe hata kwa mafungu. Wakajibiwa kwamba mali ya umma haiuzwi bila kibali. Kibali hakikuja. Miaka kadhaa baadaye, Mjomba alipokwenda kufuatilia mafao yake, alichungulia dirishani akaliona gitaa lake limesimama ukutani, shingo imepinda kwa unyevu.

Hapo ndipo alipoingia taarab, na hapa Tanga jambo hilo halikuwa la ajabu kama lingekuwa mahali pengine. Taarab ya Unguja ilikuwa ya fidla na vinanda vingi vilivyokaa kwa mpangilio wa bendi za Misri. Ya Tanga, tangu Black Star na baada yake Lucky Star, ilikuwa ya kikundi kidogo chenye magitaa ya umeme, besi na mapigo yaliyowafanya watu wasimame kwenye viti. Shakila Said, ambaye sauti yake taifa zima lilikuja kuijua, alipita katika vikundi hivyo vyote viwili kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuimba na kikundi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kwa hiyo mpiga besi wa dansi aliweza kuvuka na kuwa mpiga besi wa taarab, ilimradi ajifunze kunyamaza. Mjomba anasema ilimchukua mwaka mzima. Katika dansi, baada ya mashairi kwisha, wimbo huingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, na besi hupata uwanja wa kutembea. Katika taarab neno la mwimbaji ndilo bwana, na besi inayotembea juu ya neno huonekana kukosa adabu.

Mapato nayo yalikuwa ya namna nyingine. Harusini watu husimama na kwenda kumtunza mwimbaji, na noti inayowekwa mkononi au kwenye kilemba chake ina ujumbe: wengine hutunza kwa kuuchukulia ubeti kuwa wao, wengine kwa kumchoma jirani aliyekaa safu ya pili. Katika kikundi cha kwanza cha taarab alichopigia, fedha zote za kutunza zilikusanywa na kugawanywa, mwimbaji akipata nusu. Alikaa miaka 4, akapata zaidi ya alichopata shirika, na alikuwa akirudi nyumbani akiwa amekula biriani. Kisha akaondoka kwa sababu ya ugomvi. Kiongozi wa kikundi alimwambia mbele ya watu kwamba besi yake ina harufu ya baa, naye akalishusha gitaa, akalitandika juu ya kiti na kutoka kabla harusi haijaisha. Nimejaribu kulitafutia jambo hili sababu ya kiuchumi, sikuipata. Vyombo vilikuwapo, mgao ulikuwa wa haki, na kikundi alichokwenda kilikuwa maskini zaidi. Hiyo ndiyo hama pekee ambayo wazee wana haki ya kumlaumu, na kwa bahati mbaya ndiyo waliyoishuhudia kwa macho yao, kwa kuwa harusi yenyewe ilikuwa ya ukoo wetu.

Kikundi cha pili kilimwacha, au tuseme kilimwondoa bila kumfukuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vikundi vya Muungano na TOT vikishindana Dar es Salaam na taarab ikielekea kwenye mtindo wa rusha roho, mwenye kikundi alinunua kinanda cha umeme. Mpigaji wake alikuwa kijana wa miaka 20 aliyeweza kupiga sauti ya fidla kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto, huku mashine yenyewe ikigonga ngoma. Mjomba, mpiga ngoma na mpiga fidla waliambiwa wasubiri kuitwa. Simulizi za kuporomoka kwa dansi huwalaumu zaidi vijana wa Bongo Fleva na kompyuta zao, lakini kwa mpiga besi wa Tanga pigo lilitangulia, na lilitoka ndani ya taarab yenyewe.

Bendi mbili za mwisho nitazipita haraka. Zote zilikuwa za watu binafsi, moja ya mwenye baa na nyingine iliyopiga hotelini nyimbo za zamani kwa wageni, na utaratibu wake ulifanana: mwenye vyombo hukata kwanza umeme, usafiri na fungu la vyombo, kinachobaki hugawanywa kwa wapigaji. Kuna usiku ambao fungu la vyombo lilikuwa kubwa kuliko la watu wote 8 waliovipiga. Mwenye baa alipouza vyombo, Mjomba akahamia hotelini. Hoteli ilipobadilisha mwenyewe, muziki ukawa wa spika, na miaka 42 ikaishia hapo.

Sasa nirudi kwenye lile boksi la mkanda. Wimbo mmoja kati ya ile waliyorekodi bado husikika redioni katika vipindi vya zilipendwa, na mwanzo wake ni besi tupu, mapigo 8 kabla solo hajaingia. Sheria ya hakimiliki iliyokuwa ikitumika wakati ule, ya mwaka 1966, ilimtazama mtunzi. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ndiyo iliyoleta neno hilo la pili, hakishiriki, yaani haki ya yule anayetumbuiza hata kama hakutunga. Kwa maneno hayo Mjomba ana jambo la kudai. Lakini madai yanahitaji jina, na jina lake halikuandikwa popote: kwenye boksi ni bendi na mtunzi, shirikani ni msaidizi wa stoo. Bendi haipo tena, shirika halipo tena, na shahidi pekee aliyebaki ni mpiga tumba ambaye kumbukumbu zake zimeanza kuchanganya bendi. Nilimwandikia Mjomba barua ya maelezo hata hivyo. Aliisoma, akaikunja, akasema iko vizuri.

Hesabu ya kisa hiki haikamiliki bila mkewe, mkaza mjomba wetu, ambaye kwa miaka isiyopungua 30 alikaanga vitumbua kila alfajiri mlangoni pake. Niliposema kwamba vyumba viwili vya mbele vilijengwa kwa mshahara wa shirika, alinisahihisha akiwa jikoni, bila kugeuka: mshahara ulinunua mabati, matofali yalinunuliwa na vitumbua. Nikauliza pia, kwa kuwa swali lilikuwa limenikaa mdomoni, kama aliwahi kumwambia mumewe aache muziki. Akasema alimwambia mara moja tu, mwaka ule wa kinanda, na kwamba alipomwona amekaa jioni 3 mfululizo akigonga vidole vinne juu ya paja lake, alikwenda mwenyewe kwa mwenye baa kumwombea nafasi.

Gitaa la besi analolimiliki sasa alilipata akiwa na miaka zaidi ya 60, baada ya hoteli kuuza vitu vyake kwa mafungu. Ni la rangi nyekundu iliyofifia, na waya wake mmoja si wa seti moja na mitatu mingine. Fedha zilikuwa za vitumbua. Vijana wawili wa barabara ya 12 wenye bendi ya harusi walikuja mwezi uliopita, wakamwamkia kwa adabu na kumwomba awaazime gitaa kwa usiku mmoja, wakiahidi kulirudisha na kitu kidogo. Akawauliza wana mpiga besi gani. Wakasema hawana, watamtafuta.

Akainuka kwenda kuvaa viatu.